Kuendelea kulipa deni la kadi pale moyo unapochoka

Kutoka kwa dada aliyeko Milton Keynes

Assalaamu alaykum ndugu zangu,

Huu ni mwezi wa tisa nalipa deni la kadi mbili za mkopo. Nilipoanza, jumla ilikuwa pauni 5,400, na kila mwezi natoa pauni 200 siku ileile ninayopokea mshahara, kabla sijanunua hata unga. Nimeshatoa pauni 1,800, lakini jana usiku nilipoangalia nimekuta deni bado ni 4,503. Nusu ya jasho langu imekwenda kwenye riba. Miezi ya mwanzo nililipa kwa hamu, ila tangu mwezi wa sita hamu ile imeondoka na sasa nalipa kama mtu anayemwaga maji baharini.

Sikukuu inakaribia, na baada yake kuna harusi ya mtoto wa dada yangu kule Wete, ambako wote wanajua kwamba mimi niko Ulaya na wanangojea mkono wangu. Kadi ndogo ina nafasi ya pauni 600, na nilibakisha kidogo tu kuitumia. Sihitaji kufundishwa kubana matumizi, kwa sababu hilo nalijua tangu Pemba. Nawauliza nyinyi mliokwisha kumaliza: mliwezaje kudumu?

Kutoka kwa kaka aliyeko Leicester

Waalaykumu salaam dada yangu,

Nilidaiwa pauni 7,300 na nikamaliza baada ya miaka mitatu na miezi miwili, kwa hiyo naujua huo mwezi wa tisa. Ndio mwezi mgumu kuliko yote, kwani hofu ya mwanzo imeshapoa na mwisho bado hauonekani.

Nikueleze kwanza deni langu lilikotoka, maana naona linafanana na lako. Sikununua gari wala kutembea nchi za watu. Yalikuwa ni mabati ya nyumba ya mama, nauli na matibabu ya ami aliyepelekwa Unguja kwa boti, na michango ya harusi tatu ndani ya miezi minne. Kila ombi lilikuwa la haki, na kila mara nilijibu "inshaallah" ilhali jibu la kweli lilikuwa "sina". Lililo baya zaidi ni kwamba mara nyingi nilituma pesa nyumbani moja kwa moja kwa kadi, bila ya kujua kwamba kampuni nyingi za kadi huhesabu jambo hilo kuwa ni sawa na kutoa fedha taslimu, kwa hiyo hutoza ada papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila ya zile siku za msamaha anazopewa mtu aliyenunua kitu dukani. Ikiwa nawe ulituma kwa njia hiyo, iache leo, kabla ya jambo jengine lolote.

Mwaka wa kwanza nililipa kwa siri, na mwaka ule haukunifikisha popote. Nilikuwa nalipa kwa mkono mmoja na kukopa kwa mwengine, kwa sababu watu wa nyumbani waliendelea kuniona kuwa ni mwenye uwezo na mimi niliendelea kuilinda picha ile. Mabadiliko yalikuja Jumapili moja nilipompigia mama. Alikuwa uwani anapepeta mchele, na nilikuwa nausikia ungo kwenye simu. Nikamwambia, "Mama, nadaiwa." Ungo ukanyamaza. Akauliza nadaiwa na nani, nikamwambia na benki. Akauliza ni kiasi gani kwa shilingi, nikamtajia, nazo zilikuwa zaidi ya milioni 20. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na yale mabati yamo humo?" Nikasema yamo. Akaniambia, "Ungelinambia, tungelikaa na makuti mwaka mwengine."

Sikuwahi kukuta maneno yaliyonipa nguvu kama hayo. Kuanzia siku ile, ombi likija, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akilijibu kabla halijanifikia. Kwa hiyo ninapoulizwa niliwezaje kudumu, siwezi kusema kwamba nilikuwa na moyo mgumu, kwani moyo wangu ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sikuwa tena na watu wa kuwaficha.

La pili ni hesabu, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonifanya nisirudi nyuma. Chukua kadi yenye deni la pauni 3,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kampuni inakutaka ulipe angalau riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 ya deni, yaani pauni 60 na pauni 30, jumla 90. Mwezi unaofuata kiwango hicho kinashuka kidogo pamoja na deni, na ukikifuata tu kama kilivyoandikwa, baada ya mwaka mzima utakuwa umelipa zaidi ya pauni 1,000 huku deni limepungua kwa pauni 341. Lakini ukikataa kushuka, ukashikilia zile 90 za mwanzo kila mwezi, utamaliza katika mwezi wa 56. Na ukiweza kutoa 150, utamaliza katika mwezi wa 26. Tofauti ni pauni 60 kwa mwezi, nazo kwangu zilikuwa zamu moja ya ziada ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nilipokuwa naitwa kwa zamu ile na mwili umechoka, sikujiambia kwamba nakwenda kupata pauni 60. Nilijiambia kwamba nakwenda kununua miezi yangu.

Tazama pia hesabu yako mwenyewe, kwa riba hiyohiyo ya asilimia 2. Mwezi wa kwanza riba ilikula pauni 108 katika zile 200, na 92 tu ndizo zilizopunguza deni. Mwezi huu riba itakula 90, na 110 zitafanya kazi. Mkono wako ni ule ule, lakini sasa una nguvu zaidi, na mwezi ujao utazidi.

Nililelewa Mtambwe katika nyumba ya karafuu. Msimu ukiingia, wachumaji walikuwa wakirudi jioni na mapolo, yaani magunia, wakayamwaga ukumbini, na sisi watoto pamoja na bibi tukakaa kulizunguka rundo kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake, kwa mwanga wa taa ya chemni. Mtoto anayelitazama rundo alisinzia mapema. Bibi alikuwa akitupa kila mmoja pishi yake, chombo cha kupimia, mbele ya magoti, na kila pishi ikijaa aliichukua, akaimwaga kwenye jamvi kwa ajili ya kuanikwa asubuhi, akaturudishia tupu. Tulikuwa tunaishindania pishi, na rundo tukalisahau, mpaka vidole vikanata kwa mafuta na tukashtuka kuona sakafu.

Hivyo ndivyo nilivyofanya na deni. Nilinunua daftari la mistari kama lile la mwenye duka, nikaligawa deni langu katika mafungu ya pauni 100, mstari mmoja kwa kila fungu, jumla mistari 73, na kila fungu lilipotoka nilipiga mstari juu yake kwa kalamu nyekundu. Mwanangu wa miaka sita aliomba kazi ya kupiga ile mistari, na nikampa. Simu inakuonesha kilichobaki tu. Daftari linakuonesha pia ulichokwisha kukitoa, na mtu aliyechoka anahitaji kukiona.

Kuhusu kadi ipi ianze, wenye kufuata hesabu watakwambia uanze na yenye riba kubwa, nao wamesema kweli, kwani ndiyo njia ya kutoa pesa kidogo zaidi. Mimi nilianza na iliyokuwa ndogo kwa sababu nilihitaji kuona kadi moja imekufa. Kama tofauti ya riba baina ya kadi zako si kubwa, nakushauri nawe uanze na ile ndogo, kisha uifunge kabisa ili ile nafasi ya pauni 600 isikuite tena usiku.

Lazima niseme pia kwamba nilianguka. Katika mwezi wa 14 gari liliharibika, nikaweka pauni 380 kwenye kadi kwa kuwa sikuwa na akiba yoyote, na wiki mbili sikulifungua daftari. Nililolifanya baadaye ni kupunguza malipo kwa miezi michache mpaka nikapata akiba ya pauni 500 iliyokaa mbali na mkono wangu. Wapo watakaosema kwamba kuweka akiba huku unadaiwa kwa riba ni hasara. Kwa hesabu ni hasara ndogo, lakini sikuigusa kadi tena mpaka nilipomaliza.

Kutoka kwa dada aliyeko Michenzani, Unguja

Ndugu zangu mlioko huko,

Naandika kwa niaba yetu sisi tunaopokea. Mdogo wangu aliyeko Uingereza alituambia hali yake baada ya kuificha miaka miwili, na jambo lililotuumiza halikuwa kwamba hana pesa, bali ni kwamba tulikuwa tunakula riba yake bila ya kujua. Tungelijua, khitma ya baba tungeliifanya kwa wali na mchuzi wa kunde na watu wangelikula wakashukuru. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini katika nyumba yetu harusi ilikuwa huku na matanga yakawa huko kwake peke yake.

Nawaomba mnapotwambia mtutajie kiasi na mwezi mnaotarajia kumaliza. Ukisema tu kwamba "mambo magumu", mtu wa huku anafahamu kuwa ni maneno ya kukwepa. Ukisema nadaiwa kiasi hiki, na mpaka mwezi fulani nitakuwa natuma nusu, tunapanga wenyewe. Sisi tuliingia upatu wa wanawake kumi, na zamu yangu ilipofika ndipo tulipolipia ada za skuli ambazo zamani tulikuwa tunamwachia yeye.

Kutoka kwa mzee wenu aliyeko London

Nimesoma yote kwa makini na nina machache ya kuongeza.

Baadhi yenu mnaweza kupokea barua kutoka kwa kampuni ya kadi isemayo kwamba kwa miezi 18 mlicholipa kwa riba na ada ni kingi kuliko mlicholipa kupunguza deni lenyewe. Msiitupe wala msiiogope. Sheria za FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, zinailazimisha kampuni kukuandikia, na hali ikiendelea hadi miezi 36 inalazimika kukupa njia ya kumaliza ndani ya muda wa maana.

Kuhamishia deni kwenye kadi isiyo na riba kwa muda maalumu ni msaada wa kweli kwa mwenye nidhamu, lakini huwa kuna ada ya asilimia kadhaa ya kiasi kinachohamishwa, na muda ule ukiisha riba hurudi. Anayeona kwamba hata kiwango cha chini hakimudu asiendelee kupapatika peke yake. StepChange na National Debtline hutoa ushauri bila ya malipo, na kwa wakaazi wa England na Wales, tangu mwezi wa Mei 2021, mshauri wa madeni anaweza kukuombea siku 60 ambazo riba na ada nyingi husimamishwa na wadai hawaruhusiwi kukusumbua. Wanaokutaka uwalipe kwanza ndipo wakusaidie, waepukeni.

Na kwa wale ambao riba inawauma kwa sababu ya dini, kama inavyoniuma mimi, msiache haya hiyo ikawafungia mlango wa msikiti. Wenye madeni wamo katika makundi 8 yanayostahiki zaka. Kumwendea imamu na kumweleza hali yako ni haki uliyopewa.

Kutoka kwa dada aliyeko Milton Keynes

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye.

Jumamosi nilimpigia dada yangu Wete, nikamtajia kiasi, na nikamwambia kwamba kwa malipo haya nina zaidi ya miaka miwili mbele yangu. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula. Sare ya harusi wameiacha, kila mtu atavaa alichonacho, na mimi nimeombwa nitume pesa ya mchele tu, ambayo ninayo mkononi bila ya kadi.

Kadi ndogo nimeomba ipunguzwe kiwango mpaka pale lilipo deni. Zile 200 nimezilipa jana, na ukurasa wa kwanza wa daftari unasema 4,393. Dada ameniomba nimpelekee picha ya ukurasa kila mwezi, na ya mwezi huu nimeshampelekea.