Mrejesho: pleya imefika, ampli ya zamani bado inatumika

Bandugu na bayaya, narudi na ile swali yangu. Niliulizaga: ampli yangu (mashini ya kutoa sauti kwa maspika) iko na HDMI 1.4 ya zamani, optiko (tundu ya kupitisha sauti kwa mwangaza) na matundu sita ya RCA 5.1, haipitishe picha ya 4K HDR (ile picha safi ya kisasa), je nikinunua pleya ya diski za Blu-ray 4K, Panasonic UB9000, bitapatana ao napashwa kutupa ampli? Basi nilinunua, na ampli iko palepale.

Yaya mmoja hapa Lubumbashi njo alinionyesha: ile pleya iko na HDMI mbili za kutoka, moja inaenda televizyo na picha, ingine inaenda ampli na sauti peke. Sasa mimi kwa mazoea siku ya kwanza nikachomeka kabulu ya optiko, nikapata Dolby Digital tu, ile sauti yenye kupunguzwa, nikakasirika bure, kumbe optiko haiwezi kubeba TrueHD wala DTS-HD, zile sauti nzima za diski, ni nyembamba kwa hiyo kazi. Nikaweka HDMI, bado ileile! Karibu nirudishe mashini kwa muuzaji. Kumbe mu menyu kuko ile sauti ya pili ya diski (maelezo na milio ya menyu), ikiwaka pleya inapunguza sauti, nikaizima na nikaacha bitistrimu (pleya inatuma sauti vile iko, ampli njo inaifungua), pale pale ampli ikaandika TrueHD.

Atmos, ile sauti ya kutoka hata juu, hapana, ampli ni ya zamani, inasoma TrueHD ya kawaida. RCA sikugusa, kabulu sita mingi sana nyuma ya meza na batoto bale banavuta kila kitu.

Aksanti yaya, bia yako iko.