Nimekabidhiwa pikipiki ya kazi na sijawahi kuendesha, nianze na leseni au elementi (kofia)? (niko Arusha)

bibishamba_meru

Wadau habari za jioni. Mimi ni afisa ugani, kata yangu iko huku Meru, ukiacha lami ya kwenda Moshi unaanza kupanda migombani mpaka unatafuta sweta. Mwenzangu kahamishwa mkoa mwingine, na ile pikipiki aliyokuwa anatumia (zile za maafisa ugani alizozindua mama Samia pale Dodoma 2022) nimekabidhiwa mimi. Nimesaini, nimepewa funguo na kofia yake juu. Shida ni moja tu, sijawahi kuendesha kitu chenye injini tangu nizaliwe, baiskeli ndio naiweza. Wiki ya tatu sasa iko stoo na mimi napanda boda kwenda kwa wakulima kwa hela yangu mwenyewe, na huyo boda akijua nina pikipiki ndani ananicheka mpaka anakaribia kutuangusha.

Naombeni mnieleweshe, leseni ya kujifunzia naanzia wapi, na ni daraja gani, maana kwenye kadi naona injini imeandikwa 124 na kidogo. Halafu hiyo kofia niliyorithi ni ile nusu kichwa, kamba ilishakatika wakaifunga fundo, nikigeuza shingo kofia inabaki inaangalia mbele. Nimetenga kama laki mbili na nusu kwa ajili ya mavazi. Ofisini wananiambia we jifunzie tu huko huko juu, trafiki hawapandagi huko.

chalii_wa_sakina

Karibu barabarani dada. Trafiki hawapandi kweli, ila mtaro hauulizi leseni na ng'ombe wa watu hawaulizi leseni. Ukimgonga mtoto wa mtu huko juu bila leseni hata bima itakukimbia, na kwa vile ni chombo cha serikali kina kibao cha SM basi utaandika maelezo mpaka ustaafu.

Mimi nilipita hivi. Unakuwa na namba ya NIDA na TIN, kama huna TIN wanakufungulia TRA bure. Unaomba leseni ya kujifunzia hapo hapo TRA, unapewa kontroo namba, unalipa, mimi nililipa elfu kumi na ilikuwa ya miezi mitatu. Ukishaipata ndio unaingia chuo cha udereva, na ukiwa barabarani unafunga kibao cha L na unakuwa na mwalimu, usimpakie mtu. Ukimaliza chuo wanakupa cheti, unapelekwa kwa trafiki kupimwa, maswali ya alama halafu unazungushwa kwenye koni, ukifaulu unapata cheti cha umahiri. Hicho ndicho unarudi nacho TRA wanakupiga picha, alama za vidole na sahihi, unalipia leseni yenyewe. Ya pikipiki iko chini kuliko ya gari siku hizi, kwenye bajeti ya 2022 waliishusha kutoka elfu 70 mpaka elfu 30, watu wengi hawajui wanaendelea kuogopa ile bei ya zamani.

Daraja: A1 ni pikipiki ya chini ya cc 125, A ni kuanzia hapo kwenda juu. Hiyo yako ya 124 inaingia A1. Ila mwambie mwalimu mapema kabisa unataka A, maana kesho ofisi ikikupa ya 150 au ukinunua yako kubwa zaidi utaanza safari upya. Na ukiandikiwa B kwa makosa usikubali, B ni ya gari, nimewaona watu wana leseni mfukoni na wanapigwa faini juu ya pikipiki wanashangaa.

dereva_hakimbii

Mnamzungusha dada wa watu bure. Kuna jamaa hapa mjini ukimpa laki moja na picha mbili leseni unaletewa, darasani huendi. Uje inbox

chalii_wa_sakina

@dereva_hakimbii acha basi mkuu. Halafu siku ya kwanza anateremka na matope ya mwezi wa nne, hiyo leseni ya laki ndio itamkanyagia breki?

Na nikuambie dada, chuo nacho chagua. Mimi cha kwanza nilicholipa walinifundisha siku mbili, siku ya kwanza nasukuma pikipiki imezimwa, ya pili nazunguka uwanja wa mpira gia ya kwanza, ya tatu nikaambiwa nimeiva. Hela haikurudi. Kabla hujalipa nenda kasimame nje uangalie wanafunzi wao wanafanya nini, ukiona mwalimu kakaa kivulini na simu geuza. VETA wapo Njiro na Moshi pia wapo, waulize ratiba yao.

nesi_wa_zamu

Dada bibishamba, mimi niko Moshi, nafanya kazi wodi ya mifupa na majeraha, sitaandika mengi ninayoyaona maana watu wanakula muda huu. Ila hiyo kofia ya fundo itupe leo. Usimpe na mtu mwingine.

Nikueleze kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Kinachokuokoa sio lile ganda la nje linalong'aa, ni lile povu gumu la ndani, lile jeupe kama la kufungashia TV. Kichwa kikigonga lile povu linabonyea, ndio linameza kishindo, na likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyopata ajali moja kazi yake imeisha hata kama kwa nje haina mkwaruzo, na kofia ya mtumba hujui ilianguka na nani. Jaketi nunua mtumba, glavu nunua mtumba, kofia nunua mpya. Kwenye laki mbili na nusu yako mimi ningetoa hata laki na nusu nzima kichwani, mengine yajipange.

Dukani ifungue kamba uangalie kama kuna kitambaa kidogo kimeshonewa, kina duara lenye herufi E na namba, E3, E4, E9, hiyo namba ni nchi iliyopitisha. Pembeni utaona 22.05 au 22.06, ni matoleo ya kiwango cha kofia, ya 06 ndiyo mpya. Baada ya hapo tafuta herufi P, maana yake sehemu ya kidevu imepimwa, ukiona NP ile ya kidevuni ni pambo. Stika ya DOT (kiwango cha Marekani) peke yake mgongoni usiiamini sana, zinauzwa kwa pakiti. Na taya jamani, taya! Watu wanaanguka kwa uso, kofia nusu inakuachia utosi mzima na meno hakuna.

Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi, ule wa Cochrane wa 2008, ulikuta helmeti inapunguza kufa kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sisi huku hatuhitaji karatasi, ukisikia "aliyevaa" na "asiyevaa" wakati wa kupokezana zamu unajua yupi unaanza naye.

mzee_kiboriloni

Binti yangu pole na hongera. Nimeendesha tangu enzi za Honda za mishonari, kwa hiyo nisamehe nikienda mbali.

Jaketi njoo Moshi, soko la mitumba la Memorial. Usiende mchana, fika asubuhi wakati wanakata marobota. Usiulize jaketi la pikipiki, ukiuliza tu bei imepanda, wewe pita unabonyeza mabega na viwiko kama unapima parachichi. Yale ya pikipiki yana kitu kigumu ndani, toa hicho kipande uangalie kimeandikwa EN 1621-1, na namba 1 au 2, ya 2 ni nzito zaidi inameza zaidi. Mgongoni mara nyingi utakuta sponji tu laini kama la kiti, hilo halina kazi. Mimi langu nililipata elfu ishirini na tano baada ya kubishana karibu nusu saa, muuzaji anadhani ni la baridi la kawaida, zipu ya chini ilikuwa imekufa nikaenda kwa fundi cherehani akaweka nyingine. Kilombero hapo Arusha nako yanatokea ila mimi bahati yangu iko Memorial.

Viatu. Najua bibi shamba atavaa gamubuti, ni sawa kwa shamba, ila gamubuti pana linanasa chini ya mguu wa gia, unataka kupandisha gia kiatu kinagoma kutoka, nimelala mtaroni kwa sababu hiyo hiyo na watoto wa shule wakasimama kuangalia. Tafuta buti la ngozi la kufunika kifundo, kamba uzichomeke ndani. Gamubuti lifunge nyuma utavaa ukifika. Na kanga na madera peleka nyumbani, cheni haijui heshima.

Sasa kuteremka huko kwenu wakati wa masika. Udongo wa Meru ukilowa ni sabuni. Ukishika breki ya mbele kwa woga tairi la mbele linakukimbia kabla hujasema Yesu. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, jifunze kuitumia wala usisikilize wanaosema isiguswe, ila kwenye tope iguse kwa kidole kimoja, teremka na gia ya pili au ya kwanza injini ndiyo ikushikilie, klachi iachie. Wanafunzi wote wanakamata klachi wakiogopa, pikipiki inakuwa huru inaenda zake. Na macho yaende unakotaka kwenda. Ukiliangalia shimo utaingia kwenye shimo.

nesi_wa_zamu

Shikamoo mzee, umeua kwenye parachichi 😂

mzee_kiboriloni

Marahaba mwanangu.

bibishamba_meru

Jamani asanteni sana, mzee shikamoo. Nesi nimekuelewa, fundo nimelikata kwa kisu leo asubuhi, sasa anatagia kuku wangu humo.

Nimepita dukani mjini kujaribu hizo za kufunika uso. Mbili zilikuwa na kile kitambaa kwenye kamba, moja NP kama nesi alivyosema, muuzaji hakuwa anajua hata ni nini nikamfundisha mimi. Ila nimekwama pawili. Kwanza, nikiwa na hiyo kofia wakulima wangu hawanijui, bibi mmoja jirani nilipomwigizia alisema ataita mgambo. Pili ni nywele. Nina rasta nene, nikajipima kwa futi ya fundi cherehani juu ya nyusi na kuzunguka nyuma, na rasta nimepata 59, ila bila rasta mwezi uliopita nilikuwa 56. Sasa ninunue ipi? Muuzaji anasema chukua kubwa uwe huru.

mama_wawili_njiro

Hapo kwenye nywele mtuachie sisi wenyewe. Mimi naenda kazini na pikipiki mwaka wa nne sasa, Njiro mpaka Usa River.

Usichukue kubwa dada. 59 ni L, 56 ni S, ukifumua hizo rasta utabaki kwenye ndoo. Kofia inatakiwa ikubane mashavu mpaka uonekane kama unapuliza moto, ukiivaa shika kidevuni uizungushe, ngozi ya uso iende nayo, halafu mtu aisukume kwa nyuma kwenda mbele, ikivuka nyusi sio yako. Kaa nayo dukani dakika kumi hata muuzaji akinuna, ikikuuma paji la uso sehemu moja acha, ikibana mashavu tu hiyo italegea yenyewe. Mimi niliamua, nikiwa na pikipiki nasuka twende kilioni nyembamba bila rasta, mafundo yote yanaishia shingoni chini ya kofia, usiweke kibutu juu wala ushungi mnene. Chini yake navaa kofia ya soksi nyepesi, nafua kila siku mbili, povu halinuki. Kwa hiyo jipime ukiwa umesuka hivyo ndio ununue, nadhani utaangukia 56 au 57.

Na la wakulima kutokukujua, kuna zile za kufunuka, kidevu kizima kinapanda juu kwa kubonyeza kitufe. Kwenye kitambaa inaandikwa P/J, maana yake imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunuliwa. Ni nzito kidogo na bei imechangamka, ila kwa kazi yako ya kusimama kila boma kusalimia utanishukuru. Usiendeshe imefunuliwa tu, kila mtu anafanya hivyo Arusha kama kijiko cha greda.

Kioo chukua cheupe. Cheusi kizuri kwenye picha, ukirudi saa moja na ukungu wa Juni unashuka pale Tengeru hutaona hata taa za kifodi.

chalii_wa_sakina

Na riflekta usisahau, ile ya elfu tano ya kijani vaa juu ya jaketi. Madereva wa Noah wanakuona wanaamua wenyewe kama wanakujali, lakini angalau wamekuona.

dereva_hakimbii

Ok nimenyamaza. Ila dada mimi mwenyewe leseni yangu ilipatikana kwa njia ile na kwa kweli mlima wa Nkoaranga wakati wa mvua huwa nashuka nasukuma

mzee_kiboriloni

@dereva_hakimbii njoo na wewe nikufundishe, bure, uje na maji ya kunywa.

bibishamba_meru

Jumatatu naenda TRA, kesho naenda kufumua hizi rasta, Jumamosi asubuhi niko Memorial. Mzee, saa ngapi wanakata marobota?

mzee_kiboriloni

Saa moja uwe umefika. Na usivae vizuri.