SLIME imekwama kwenye "Polling", REPL haifunguki, lakini SBCL yenyewe inafanya kazi

mwalimu_wa_ratiba

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na mnivumilie nikieleza kirefu kidogo, maana maswali mengi ya namna hii nimeona yanajibiwa "sakinisha upya", na kusakinisha upya hakujanisaidia kitu.

Nafundisha hisabati sekondari, Mbeya. Ratiba ya shule yetu naipanga kwa programu niliyoiandika kwa Common Lisp. Ina masharti mengi: maabara ya kemia ni moja na inagombewa na vidato vyote, kuna walimu wanaofundisha pia shule jirani kwa hiyo siku nyingine hawapo, na mkuu hataki hisabati iangukie kipindi cha mwisho. Natumia Debian 12, Emacs 28.2, SBCL 2.2.9 (kompaila ya Common Lisp) iliyokuja na Debian, na SLIME (inayounganisha Emacs na Lisp) kupitia Quicklisp (msimamizi wa maktaba za Lisp). Laptop ilikuwa ya mwenzangu wa idara aliyehamia mkoa mwingine. Yeye ndiye aliyeipanga, mimi nimeikuta Lisp iko tayari.

Hadi juzi juzi mambo yalikuwa sawa. Sasa nikiita M-x slime, chini ya dirisha naona hivi:

`Polling "/tmp/slime.6127" .. 1`

Halafu ile namba ya mwisho inapanda tu, inapanda, na REPL (dirisha la kuandikia amri za Lisp na kuona jibu papo hapo) haiji. Emacs haijaganda kabisa, naweza kufungua mafaili, kuandika na kuhifadhi. Ila na Lisp haziungani. Nikikatisha kwa M-x slime-abort-connection nikaanza upya, ni yale yale.

Nimewasha kompyuta upya, nimeondoa SLIME na kuirudisha, nimepunguza init.el yangu (faili la mipangilio ya Emacs) ikabaki mistari ya SLIME peke yake. Na SBCL ni nzima: nikiwa terminali, `sbcl --script ratiba.lisp` inatoa ratiba yote mpaka mwisho bila kosa lolote. Programu yangu haitumii maktaba za nje. Ndiyo maana naona tatizo liko upande wa Emacs, ila sijui ni wapi.

Kuna mwalimu anaanza likizo ya uzazi na vipindi vyake lazima vigawanywe. Kazi hiyo huwa naifanya ndani ya REPL: nabadilisha sharti moja, naona papo hapo nani amegongana na nani. Kwa --script kila badiliko ni kuanza mwanzo.

pwani_linux

Pole sana Mwalimu. Jaribu kufuta mafaili ya zamani ya Swank (upande wa SLIME unaoendeshwa ndani ya Lisp) yaliyokompailiwa:

`rm -r ~/.slime/fasl`

Kisha M-x slime. Mara ya kwanza itachelewa kidogo kwa sababu Swank inakompailiwa upya, usishtuke. Mimi ilinisaidia baada ya kubadilisha toleo la SLIME.

mwalimu_wa_ratiba

Asante ndugu. Nimefuta, nimeita SLIME, nimeiacha muda wa kutosha kabisa. Bado "Polling". Na lile folda la fasl halikuundwa tena, sijui kama lina maana yoyote.

mzee_wa_mabano

Mwalimu, hilo folda kutorudi lina maana kuliko yote uliyoandika. Ngoja nikueleze kinachotokea ukiita M-x slime, halafu utaona mwenyewe pa kutazama.

Emacs na SBCL ni programu mbili, kila moja inaendeshwa peke yake. Emacs huanzisha `sbcl` na kuishikilia ndani ya bafa iitwayo `*inferior-lisp*`. Kisha huiandikia mstari mmoja kupitia stdin, yaani njia ile ile ambayo maneno ya kibodi yangepita. Mstari huo unasema: pakia `swank-loader.lisp`, washa Swank, fungua soketi, na poti utakayoipata andika namba yake kwenye faili `/tmp/slime.6127`. Hiyo 6127 ni namba ya mchakato wa Emacs yako. Baada ya hapo Emacs hurudi kila mara kuchungulia kama faili limeshaandikwa. Likionekana, inasoma poti, inafuta faili, inaunganisha soketi, na REPL inafunguka.

Kwa hiyo "Polling" ni Emacs inakwambia kwamba bado inamsubiri mwenzake. Unachokiona kinatoka Emacs, lakini aliyenyamaza ni SBCL. Ndiyo maana kupunguza init.el hakukubadilisha chochote.

Sasa, Swank ikianza kupakiwa, lazima ikompailiwe na kuweka mafaili yake ndani ya `~/.slime/fasl`. Wewe umelifuta na halikurudi. Maana yake amri ya kupakia haijatekelezwa hata kidogo. SBCL imeamka, lakini ule mstari wa Emacs haikuufanyia kazi.

Na kuhusu `--script`: hiyo huruka faili la `~/.sbclrc`, ambalo SBCL husoma ikiamka. SLIME hairuki. Kwa hiyo kipimo chako kimethibitisha kwamba kompaila ni nzima, lakini hakijapita njia ambayo SLIME inapita. Watu wengi wanaishia hapo, wanaamua Emacs ndiyo mbaya, wanafuta kila kitu, na faili lenye shida linabaki pale pale kwenye folda la nyumbani.

Naomba vitu vitatu. Wakati inaandika "Polling", nenda C-x b kisha `*inferior-lisp*`, unakili yote yaliyomo. Angalia hasa kama kuna mstari unaoanza na `; loading`. Pili, tuoneshe mwisho wa `~/.sbclrc`. Tatu, ita C-u M-x slime; itakuuliza programu ya kuendesha, andika `sbcl --no-userinit`, yaani iruke `~/.sbclrc`.

mwalimu_wa_ratiba

Mzee, kwa `--no-userinit` REPL imefunguka mara moja! Sikutegemea.

Nikianza kawaida, `*inferior-lisp*` ina haya (nimekata orodha ya katikati, ni ndefu mno):

```
This is SBCL 2.2.9.debian, an implementation of ANSI Common Lisp.
...
Changes from quicklisp 2023-10-21 to quicklisp 2024-10-12:
...
Press Enter to continue.
*
```

Hakuna `; loading` popote. Na mwisho wa `~/.sbclrc`, chini ya ile mistari ya kupakia Quicklisp, kuna mstari huu:

`(ql:update-dist "quicklisp")`

Nadhani mwenzangu aliuweka ili maktaba ziwe mpya muda wote. Lakini mbona ulikuwepo siku zote na SLIME ilifanya kazi?

mzee_wa_mabano

Umeshalipata. Fuata nami hatua kwa hatua, maana hapa ndipo penyewe.

SBCL ikiamka inasoma `~/.sbclrc` kwanza, kabla haijasikiliza mtu yeyote. Mstari ule wa mwisho unaiambia Quicklisp iende mtandaoni kuuliza kama kuna toleo jipya la mkusanyiko wa maktaba. Kama hakuna, inapita. Toleo la 2023-10-21 lilikaa takriban mwaka mzima bila lingine kutoka, ndiyo maana hukuona shida. Tangu 2024-10-12 lipo jipya, kwa hiyo sasa Quicklisp inaorodhesha mabadiliko kisha inaomba ubonyeze Enter ikubali kusasisha.

Inaomba jibu hilo kupitia stdin. Na ndani ya stdin tayari upo mstari wa Emacs unaongoja zamu. Quicklisp ikauchukua mstari mzima ikidhani ni jibu lako. Kwake, Enter tupu ndiyo "ndiyo". Maandishi yoyote ni "hapana". Ikaona maandishi, ikaacha kusasisha, ikamaliza. SBCL ikafika kwenye `*` yake ikasubiri amri. Amri yenyewe ilishaliwa. Emacs inangoja faili ambalo hakuna aliyeambiwa aliandike, na SBCL inangoja amri ambayo Emacs imeshaituma. Zote mbili nzima, zitangojana hivyo hadi umeme ukatike.

Na kwa kuwa jibu lilihesabika "hapana", toleo halikubadilika, kwa hiyo kesho swali linaulizwa tena. Ndiyo maana hata kuwasha kompyuta upya hakukuvusha.

Dawa: weka `;` mwanzoni mwa mstari ule wa `ql:update-dist`. Mistari ya juu yake, inayopakia `quicklisp/setup.lisp`, usiiguse. Ukitaka kusasisha, fungua `sbcl` kwenye terminali, andika amri hiyo mwenyewe, soma orodha, bonyeza Enter.

Kuna atakayekushauri uongeze `:prompt nil` ili isasishe bila kuuliza. Itafanya kazi, lakini mimi sikushauri. Maktaba zitabadilika chini yako siku usiyoichagua, na kila unapofungua Lisp utakuwa unalipia bando kwa jambo ambalo hukulihitaji saa hiyo. Faili la kuanzia lisiulize swali na lisiende mtandaoni. Hilo nalishikilia kwa SBCL, kwa bash, kwa chochote kinachoanzishwa na programu nyingine badala ya mtu.

njoro_dev

Niko Nairobi, hapa kazini Lisp yetu iko kwa seva, si kwa laptop. Naongezea moja kwa atakayepita hapa baadaye: ukishuku muunganisho, tenganisha hizo pande mbili uzijaribu kila moja kivyake. Kwa terminali washa `sbcl`, pakia swank, halafu:

`(swank:create-server :port 4005 :dont-close t)`

Kisha kwa Emacs, M-x slime-connect, 127.0.0.1, poti 4005. Hakuna faili la /tmp, hakuna stdin, hakuna Polling. Ikiunganika hivi na M-x slime inakataa, ujue shida iko kwa kuanzisha, si kwa soketi.

Kwa seva ya mbali, pitisha kwa ssh: `ssh -L 4005:127.0.0.1:4005`, kisha unganisha kwa 127.0.0.1 ya laptop yako. Tafadhali msifungue 4005 kwa intaneti. Swank kwa kawaida haiulizi nenosiri, na anayeifikia anaweza kuendesha amri yoyote kwa mashine hiyo kwa jina lako. Nimewahi kuiona imeachwa wazi na sikulala vizuri.

Kitu kingine: kama SLIME ya laptop na Swank ya seva si toleo moja, Emacs inauliza chini kabisa kama uendelee. Ukiwa unatazama dirisha lingine utadhani imekwama, kumbe inangoja ujibu.

mwalimu_wa_ratiba

Nimeweka `;`, nimehifadhi, nimeita M-x slime ya kawaida. `; loading` imeonekana, folda la fasl limerudi, REPL ipo. Vipindi vya mwenzetu vimeshagawanywa kwa walimu wawili bila mgongano. Mungu awabariki, na wewe Mzee hasa kwa kunieleza kwa nini, maana sasa hata likitokea lingine najua pa kuanzia.

Swali moja la mwisho. Ikitokea `; loading` ipo, lakini bado "Polling" haiishi, nianzie wapi?

mzee_wa_mabano

Swali zuri. Hapo amri imefika, Swank imepakiwa au imekatikia njiani. Shuka hadi chini kabisa ya `*inferior-lisp*`. Ukikuta debaga, yaani alama ya `0]` badala ya `*`, soma kosa lililo juu yake, mara nyingi ni faili la fasl lisilolingana, na hapo ushauri wa pwani_linux ndio wenyewe.

Kama hakuna kosa na faili la `/tmp/slime.` halipo, tazama soketi. Fungua `/etc/hosts` uhakikishe kuna mstari wa `127.0.0.1 localhost`. Ukikosekana, jina hilo huenda likatafutwa mtandaoni, na mtandao ukiwa mzito utaona kimya kile kile. Angalia pia kama diski imejaa, kwa `df -h /tmp`. Swank haiwezi kuandika namba ya poti mahali pasipo na nafasi.