Vitufe vitatu vya juu vya tableti vyakataa, vitatu vya chini vyafanya kazi

BiPindo, Kibokoni

Assalaam aleikum wachoraji wenzangu. Leo ni siku ya nne nahangaika na jambo moja, nalieleza kwa urefu ili anayejua alione lote.

Mimi nachora kanga. Natumia tableti ya kalamu, ile isiyo na skrini, ambayo mkono uko hapa na macho yako kwenye laptopu. Ubavuni kushoto ina vitufe sita, kimoja chini ya kingine. Mwaka mzima nimeitumia kwa laptopu ya binamu yangu na hakuna siku hata kimoja kilinikatalia. Wiki mbili nyuma nikapata laptopu yangu mwenyewe, ya mtumba, imetoka Ulaya, ina Windows yake tayari. Nikaweka draiva ya tableti, yaani programu inayoifanya laptopu ielewane nayo, nikaweka Krita ninayochorea, nikavipanga vitufe kama vilivyokuwa. Cha juu kabisa ni kutendua, Ctrl+Z. Cha pili ni [ ya kupunguza brashi, cha tatu ni ] ya kuikuza. Cha nne ni E, kifutio. Cha tano ni Space, nikikishikilia naisogeza kanvasi. Cha sita ni M, ya kuigeuza picha kama iko kwenye kioo.

Vitatu vya chini havina neno. Vya juu ndivyo vyenye mambo. Brashi haikui wala haipungui, nibonyeze mara moja nibonyeze mara ishirini. Na cha kutendua ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakikai kimya. Nikikibonyeza, mstari nilioukosea wabaki pale pale, lakini rangi za picha nzima zafifia. Kuna maandishi madogo yatokea juu ya kanvasi, kabla sijayasoma yashapotea. Nikibonyeza tena, rangi zarudi. Nachora kisutu cha arusi, na kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakuna cha nne. Ule wekundu ukififia, kwangu mimi hicho si kisutu tena.

Jambo jengine: Ctrl+Z ya kibodi ya laptopu yafanya kazi vizuri. Ni ya tableti tu inayokataa. Tafadhali msiniambie nitumie kibodi basi. Mimi hukaa mkekani, tableti iko mapajani, laptopu iko juu ya kigoda mbele yangu. Kila nikikosea korosho moja ya pindo niinuke nikabonyeze? Pindo moja lina korosho zaidi ya mia.

Faili natakiwa kuipeleka kwa mchapishaji Alhamisi.

Msanii wa Feri

Waaleikum salaam dada. Mimi niko Likoni, natumia tableti kuchora michoro ya ubavuni mwa matatu. Kwanza ondoa draiva, zima laptopu, iwashe, kisha uweke upya. Kama kulikuwa na draiva ya tableti nyingine iliyoachwa na mwenye laptopu wa kwanza, ziking'ang'ania tableti moja vitufe huchanganyikiwa. Nenda kwenye orodha ya programu zilizowekwa, uangalie kama kuna mbili.

Lakini ukweli, nikisikia vitatu vya juu vimekufa na vitatu vya chini viko hai, mimi nawaza maji. Sisi hapa tuna hewa ya chumvi. Yangu ya kwanza iliingia kutu chini ya vitufe kwa kukaa karibu na dirisha linaloangalia bahari, na ilianza hivyo hivyo, upande mmoja. Huenda ukahitaji fundi wa kuifungua.

BiPindo, Kibokoni

Shukran kaka. Draiva nimeiondoa na kuirudisha mara mbili, na nimeangalia, ni moja tu.

Hilo la kutu lilinishtua, basi nikafanya jaribio. Nimeihamisha E kutoka kitufe cha nne nikaiweka cha juu kabisa, na Ctrl+Z nikaishusha pale cha nne. Kifutio chafanya kazi juu bila taabu. Ctrl+Z hata kule chini yafifisha rangi. Kwa hivyo kitufe chenyewe ni kizima, kinachokataa ni ile amri.

Mama Rangi

Bi, angalia mambo mawili ya haraka. La kwanza, gusa kanvasi kwa kalamu kabla hujabonyeza. Kama mara ya mwisho ulikuwa unaandika jina la tabaka moja la picha, herufi huenda huko. La pili, je, Krita unaifungua kwa ruhusa za msimamizi? Programu ikifunguliwa kwa ruhusa za juu na draiva ikawa na ruhusa za kawaida, Windows huzuia draiva isiipelekee amri za kibodi. Zote mbili ziwe sawa.

FundiTudor

Mama Rangi, hayo ni ya kweli, lakini yangeviua vitufe vyote sita pamoja. Huyu E, Space na M zake zinafika. Bi Pindo amefanya jaribio zuri sana la kuhamisha, limetuondolea nusu ya mambo ya kushuku.

Dada, kinachonivutia ni hizo rangi kufifia. Krita ina amri ya kuonyesha picha jinsi itakavyotokea ikichapishwa kwa CMYK, yaani wino wa rangi nne za uchapishaji. Wino hauwezi kufikia wekundu mkali wa skrini, kwa hiyo picha inaonekana imepoa. Amri hiyo inawashwa na kuzimwa kwa Ctrl+Y. Wewe unatuma Ctrl+Z, Krita inapokea Ctrl+Y.

Nifanyie jambo moja. Funga Krita, fungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia ya Windows. Virudishe vitufe kama vilivyokuwa kabla ya jaribio. Kwenye draiva, ondoa Ctrl kwenye kile kitufe cha juu, kiache Z peke yake. Halafu bonyeza vitufe vitatu vya juu, kimoja kimoja, na unakili hapa herufi zinazotokea. Usinakili unachotarajia, nakili unachokiona. Na uniambie kibodi ya hiyo laptopu, baada ya herufi T kunafuata herufi gani?

BiPindo, Kibokoni

Nimefanya. Kitufe cha kwanza: y. Cha pili: ü, ile u yenye nukta mbili juu. Cha tatu: +.

Na kibodi, baada ya T yaja Z, halafu U. Y iko chini kushoto kabisa, karibu na Shift. Siku ya kwanza vidole vilinisumbua, siku ya tatu nikazoea, sikuifikiria tena.

FundiTudor

Basi tumelipata. Hiyo ni kibodi ya Ujerumani, na Windows yako imepangwa kwa Kijerumani.

Nieleze kidogo, kwa sababu laptopu za mtumba za namna hii ziko nyingi mjini na mwingine atakwama hapa. Ukibonyeza kitufe, kibodi haitumi herufi. Inatuma nambari ya mahali kitufe kilipo, na Windows ndiyo inayotafsiri nambari hiyo kuwa herufi, kulingana na mpangilio uliowekwa. Draiva ya tableti inajifanya kibodi. Draiva yako, ukiiambia Z, inatuma mahali Z ilipo kwenye kibodi ya Kimarekani, yaani chini kushoto. Windows yako ikiangalia hapo, kwa Kijerumani hapo ni Y. Mabano nayo ni hivyo hivyo: mahali pa [ kwa Wajerumani pana ü, mahali pa ] pana +. Krita haijaambiwa ikuze brashi kwa herufi hizo. E, M na Space ziko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili, ndiyo maana hazikukusumbua. Na kidole chako kikibonyeza Z ya laptopu kinabonyeza mahali palipo sahihi kwa Kijerumani, ndiyo maana kibodi iko sawa. Vitufe vya juu kukataa kwa mfuatano ni vile tu ulivyovipanga, ingekuwa E iko katikati tusingewaza kutu hata kidogo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, ongeza mpangilio wa Kiingereza cha Marekani kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, na unapochora ubadilishe kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Space. Tableti itatii mara moja, lakini sasa herufi zilizochorwa kwenye kibodi hazitalingana na zinazotokea. Ya pili, ambayo ndiyo ningeifanya mimi, uache Kijerumani kama kilivyo. Kwa kutendua, chagua Ctrl+Y kwenye orodha ya draiva, itafika ikiwa Ctrl+Z. Usishangae kuiona imeandikwa Y, cha muhimu ni kinachofika. Kwa brashi, nenda kwenye mipangilio ya Krita, ukurasa wa njia za mkato za kibodi, tafuta kukuza na kupunguza brashi, uzipe nambari 7 na 8. Nambari ziko mahali pamoja kote kuwili. Kama kuna amri nyingine inayozitumia, Krita yenyewe itakuonya kabla hujahifadhi.

Mama Rangi

Nakubali nilikosea njia. Niongeze onyo juu ya ile dawa ya kwanza: kama nywila yako ina y au z, au alama yoyote, ukishabadilisha mpangilio angalia kona ya skrini ya kuingilia imeandikwa lugha gani kabla hujaandika. Yalinipata kwa laptopu yenye kibodi ya Kifaransa. Nilidhani nimesahau nywila, nikakaa nje ya kazi yangu kuanzia adhuhuri mpaka magharibi.

Msanii wa Feri

Dada mimi nimefurahi si kutu. Lakini kwa nini upoteze vitufe viwili kwa brashi? Weka Shift kwenye kimoja. Ukiishikilia huku kalamu iko kwenye kanvasi, iburute kulia brashi inakua, kushoto inapungua, na duara lake unaliona likibadilika. Hupandi ngazi hatua kwa hatua. Mimi mabano nimeyaacha zamani. Na Shift iko mahali pamoja kwa Mjerumani na kwa Mmarekani. Ila hakikisha draiva inaishikilia Shift muda wote kidole kiko chini. Kuna draiva zenye chaguo la kubonyeza mara moja na kuachia, hilo halifai hapa.

BiPindo, Kibokoni

Mashaallah. Wallahi nimekaa nikamwangalia huyo y pale Notepad kama naona mtu aliyekuwa amejificha nyumbani kwangu siku nne.

Nimechukua dawa ya pili. Cha juu sasa kimeandikwa Ctrl+Y na chatendua. Nimekibonyeza mara hamsini kwa raha tu, nikiangalia mistari ikiondoka mmoja mmoja. Cha pili ni Shift, kaka wa Likoni, na sikurudi kwa mabano. Korosho ya pindo ina tumbo na ina mkia, brashi ya tumboni si ya mkiani, na sasa nabadilisha bila kuinua jicho. Kwanza haikukubali, brashi ilikuwa ikichora tu. Ilikuwa ni hilo ulilosema, draiva yangu ilikuwa imewekwa kubonyeza na kuachia. Kitufe cha tatu kikabaki kitupu, nimekipa W. Krita hapo huirudia picha pande zote, naona pindo likiungana na pindo na pale kiungo kilipopinda pajionyesha penyewe. Zamani nilikuwa najua pamepinda kitambaa kishachapishwa.

FundiTudor, ile amri ya Ctrl+Y sasa nimeitafuta kwa makusudi nikaiwasha. Wekundu wangu kweli wapoa pale. Je, niuamini?

FundiTudor

Usiuamini mpaka umuulize mchapishaji. Krita inakuonyesha kwa wasifu wa rangi uliomo ndani yake, yaani maelezo ya jinsi mashine fulani inavyotoa rangi, na mashine ya kitambaa ina wasifu wake na wino wake. Mwombe akupe faili ya wasifu huo, uiweke kwenye Krita, uuchague kwenye sehemu ya uhakiki wa rangi, ndipo uiwashe. Kama hana, mwombe akuchapie kipande cha mkono mmoja chenye wekundu wako wa aina nne tano, uuchague kwa jicho mchana, nje.

BiPindo, Kibokoni

Nimempigia. Wasifu hana, lakini kipande atanichapia kesho asubuhi. Namwandalia wekundu wa aina sita, na nyeusi mbili.