Hoteli haijaniita mpaka leo. Ningoje tu, au nipande hiyo mbegu?

mpishi_barani: Habari za jioni wana Malindi. Mimi ni mpishi wa hoteli. Aprili watalii walipoisha hoteli ilifungwa kama kawaida, tukaambiwa Julai tutaitwa. Julai imepita, Agosti inakwisha, kusi linavuma na simu kimya. Tunakula kwa mahamri na mbaazi anazouza mke wangu.

Kuomba naomba, kufunga nafunga. Lakini rafiki mmoja ananivuta kwa mganga wa kusafisha nyota. Mwingine kanitumia namba ya mhubiri: panda mbegu ya 10,000 kwa M-Pesa, mlango utafunguka ndani ya siku 7. Na nikiri, usiku nimeshabeti mara kadhaa, hamsini hamsini. Mganga simtaki. Ila mbegu si ni ya Mungu? Na huku kungoja, ni imani au ni uvivu?

bahari_yetu: Kaka, mimi Muislamu, lakini kisa cha Musa tunacho sote. Katika sura ya Al-Aaraf aliahidiwa masiku 30, yakaongezwa 10, yakawa 40. Hizo 10 huwa naziwaza sana. Watu wakamfuata Samiri, wakapata ndama wa dhahabu, tena mwenye sauti. Julai yako ilikuwa ile 30. Sasa uko kwenye 10, na Samiri siku hizi ana namba ya M-Pesa.

kijana_maweni: Hahaha, Samiri wa M-Pesa! Lakini bro, hiyo programu ya kubeti ifute leo leo. Mimi ilinila bodaboda nzima.

mama_mbaazi: Mwanangu, fungua Kutoka 32. Haruni aliwaambia wavunje pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao na watoto wao. Ndama hakuokotwa njiani. Sasa hiyo 10,000 ni ya nani, na anayeuza mbaazi ni mkeo? Umemuuliza? Mganga anataka kuku, huyu anataka pesa, na wote wawili wanakuuzia tarehe ambayo Mungu hakuitaja.

msomaji_kimya: Sisi wa huku, baada ya Shakahola 2023, wafuasi wa mhubiri walipofunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, tungekuwa wa kwanza kushtuka mtu akisema "Mungu kanituma kwako".

Halafu usinikasirikie. Asubuhi unaanza na nini, kupiga magoti au kutazama kama meneja ameandika? Mimi nilifanya kazi kwa Mtaliano miaka mingi. Alipouza hoteli akarudi kwao nilihisi sina tena wa kumwomba, na Biblia iko pale pale mezani. Niliona aibu siku ile. Mungu mngoje, lakini viazi karai havihitaji barua ya hoteli. Weka karai nje jioni.

mpishi_barani: Asanteni. Simu, kusema kweli, naamka nayo. Mama, ile pesa ni ya chama, mwezi huu ni zamu ya mke wangu kupokea. Sikuwa nimemwambia. Nimemwambia sasa hivi. Hajanijibu, anakanda unga wa kesho.

mama_mbaazi: Na wewe si ndiye mpishi? Nawa mikono ukamsaidie.