Wauza lama za mashini ya majani hapa Goma, mnataka tufe?

Wenye maduka ya vifaa hapa mjini, leo mtanivumilia. Mtu anaingia kwenu kutafuta lama, yaani kisu cha mashini ya kukatia majani, ile ya kubeba mkononi yenye mrija mrefu, hamumuulizi anakata nini. Hamumuulizi kiwanja chake kina mawe au hakina. Hata mashini yake ni ya aina gani hamtaki kujua. Mnanyoosha mkono ukutani, mnateremsha ile diski inayong'aa yenye meno mengi, na wimbo ni uleule: "Mama, hii inakata vyote."

Vyote vipi? Hapa ni Goma! Tunajenga juu ya lava, tunalima juu ya lava, na kuta za nyua zetu ni mawe hayohayo. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mei 2021 ukashuka tena, ukaishia kule Buhene, ukingoni mwa mji. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba ukichimba hapa kidogo tu unakutana na jiwe. Muuza lama hajui?

Kiwanja chetu kiko Kyeshero. Mpangaji aliondoka, kikakaa bila mtu, na kwa mvua za huku nadhani hamhitaji kuelezwa. Matete yamepita kichwa cha mtu mrefu. Lantana imejisuka na ukuta hadi huoni ukuta uko wapi. Kuna alizeti mwitu zenye mashina ya mbao kabisa, na chini ya vurugu hiyo yote kuna mawe, makubwa kwa madogo, mengine yamechongoka, yamefunikwa na majani makavu. Haya yote nilimweleza muuzaji, neno kwa neno. Akaniuzia diski ya meno 40 yenye ncha za kabaidi, ile kitu ngumu kuliko chuma. Dola 15.

Diski yenyewe iko mbele yangu hapa ninapoandika. Upana milimita 255, na kila jino lilikuwa na kipande cha kabaidi kilichobandikwa kwa lehemu. Sasa kuna meno mengi hayana kitu. Pale kipande kilipokuwa imebaki alama ya njano ya lehemu, ndogo kama punje ya mtama. Vipande vyenyewe vimeenda wapi? Kimoja tunakijua: kilitoboa bati la jiko la jirani na kutokea upande wa pili. Jirani mwenyewe alikuwa ameenda kuteka maji. Kijana wa dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anakata, alikuwa na buti na kinga ya uso, la sivyo leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Na msiniambie kabaidi ni ngumu. Najua ni ngumu, ndiyo maana kwenye shina la mti inashika makali muda mrefu bila kuguswa na tupa. Shida ni kwamba haipindi. Ikigonga jiwe, inakatika na kuruka. Mahali penye udongo mtupu na vichaka vya miti midogo ile diski ni nzuri sana, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuiuza kwa mtu aliyekuambia kwa mdomo wake kwamba kiwanja kimejaa mawe ya volkano.

Tena kuna habari ya tundu la katikati. Lama hizi zina tundu za vipimo tofauti. Zinazoonekana sana ni milimita 25.4, yaani inchi moja, na milimita 20. Mashini yetu ni ya 20. Diski niliyopewa ni ya 25.4. Nilipomwonyesha yule kijana kwamba inacheza, alifanya nini? Alichukua mkasi, akakata ukanda wa kopo la soda, akauzungusha pale kwenye kitako cha mashini kinachoshika lama, akasema, "Imekaa, mama, usiwe na wasiwasi." Nikamwambia kama imekaa, washa wewe, hapahapa dukani, mimi nisimame nje. Ndipo ringi halisi ya kupunguzia tundu ikatoka kwenye droo. Kumbe ilikuwepo! Wangapi wameondoka na kopo la soda?

Piga hesabu kidogo. Diski ya milimita 255 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, na mashini hizi nyingi zinafika hapo na kupita, ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ikikaa upande hata kwa milimita mbili inatikisa mashini nzima, nati inaanza kulegea, na nati ya mashini hizi inakazwa kinyume, asiyejua anaweza kuikaza kumbe anaifungua. Halafu tafuteni juu ya diski yangu mahali palipoandikwa mizunguko inayoweza kubeba. Hakuna. Rangi nyekundu na picha ya simba. Diski ya kukatia chuma, ile ya wachomeleaji, ya bei ya chini kuliko hiyo, imeandikwa mwendo wake wa mwisho, mita 80 kwa sekunde. Hii yangu imeandikwa simba.

Duka jingine, nilipoenda kutafuta ya kubadilisha, walinitolea kichwa cha minyororo. Ndiyo, vipande vya mnyororo vinaning'inia kwenye kitako, eti mashini ikiwaka vinanyooka na kufyeka kila kitu. "Hii ndiyo ya kisasa, Wazungu wanatumia hii." Wazungu gani, mwanangu? Umoja wa Ulaya uliamuru mwaka 2012 vichwa vya chuma vyenye vipande vilivyounganishwa namna hiyo viondolewe sokoni kwa mashini za kubeba mkononi, baada ya mnyororo kukatika na kipande kuua mtu. Wao wamevipiga marufuku, sisi tunauziwa kama maendeleo.

Kilichotakiwa ni maswali mawili matatu tu. Unakata nini? Majani laini, chukua uzi wa nailoni. Jiwe litaula uzi, utarefusha mwingine, basi. Matete na lantana ambayo haijakomaa, chukua lama nene ya meno matatu: ikigonga jiwe inabonyea au kupoteza makali, unaipiga tupa, na nyingi unaweza kuzigeuza upande wa pili. Ya meno mengi ni ya mashina ya mbao, na unaitumia pale tu unapoona shina lote mpaka chini. Shina likizidi unene wa mkono, weka mashini chini, chukua msumeno. Na je, mashini yako mrija wake umenyooka au umepinda? Zile zilizopinda nyingi ni za uzi tu, haziruhusiwi lama ya chuma kabisa. Mwenye duka anayeshinda na vitu hivi asubuhi hadi jioni anashindwaje kuuliza hayo?

Niliporudisha diski, jibu lilikuwa: "Lama ni kitu cha kutumika, hairudi." Nikasema sawa, haikutumika ikaisha, ilivunjika. Akasema basi fundi wako hajui kazi. Huyo kijana anajua. Anakata kwa upande wa kushoto wa diski, hagongi shina kwa ile robo ya mbele kulia, kati ya namba 12 na namba 3 za saa, maana hapo ndipo mashini inarusha mikono. Alifukuza watoto wote mpaka barabarani, zaidi ya mita 15 zinazotakiwa, na mawe aliyoyaona aliyatoa kwanza. Sasa lava iliyojificha chini ya lantana ya miaka ataionaje? Aulizwe yeye au aulizwe aliyeuza?

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia, "Mama, mupanga upo, mashini ya nini?" Wazee wangu, mupanga tunao, na kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, Jumamosi nashika kama ninyi. Kwenye kona zenye mawe ndio tunatumia hadi sasa. Lakini kiwanja kizima cha matete kwa mupanga ni kulipa vibarua kwa siku nyingi, na hali ya fedha mjini mnaijua wenyewe. Atakayeleta hoja hiyo alete na vibarua.

Ninachotaka kwenu wengine: mwenye kujua duka hapa Goma, au hata ng'ambo pale Gisenyi, upande wa Rwanda, linalouza lama ya meno matatu, upana 255, tundu 20 au 25.4 pamoja na ringi yake halisi, chuma kizima kisichobandikwa kitu, na iwe imeandikwa mizunguko yake, aniambie bei. Na aliyewahi kurudishiwa pesa na duka la vifaa kwa kitu cha namna hii aeleze alifanyaje, maana mimi kesho narudi pale na diski yangu na lile bati la jirani.