Wavu chakavu ukutani: sanaa ya namna hii inasomwaje?

Fundi Nyavu, Kirumba
Wadau, habari za jioni. Mimi nashona nyavu hapa Mwaloni. Binti yangu anasoma sanaa Dar, na juzi amenitumia picha ya kazi yake ya mwaka wa mwisho: wavu chakavu wa dagaa umening'inizwa toka darini hadi sakafuni, umeshonewa vizibo vya soda na bia. Walimu wameisifu. Picha za Tingatinga nazielewa, chui ni chui. Hii naitazama nakosa pa kushika, na mwanangu anasubiri kusikia nimeionaje. Sitaki kumwambia "nzuri" ya mdomoni tu. Nianzie wapi?

Mama Ilemela
Kaka, hongera kwa kusomesha. Mtafute El Anatsui, Mghana aliyezaliwa 1944 na kufundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria. Anaunga maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa la kutundikwa. Kwa nini pombe? Kwa sababu ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walileta Afrika Magharibi kubadilishana, hata kwa watumwa. Ukishalijua hilo, ule mng'ao unakuuma. Tena halazimishi namna ya kuitundika. Mikunjo wanaipanga wenye ukumbi. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Basi mimi huanzia hapo: kitu hiki kilikuwa wapi kabla ya kufika ukutani, na kilipita mikononi mwa nani?

Mkerewe wa Nansio
Naunga mkono, ila msikifanye kitendawili cha jibu moja. Huenda binti mwenyewe hana jibu moja. Fundi, wavu unaujua kuliko sisi sote humu. Tuambie unaona nini.

Fundi Nyavu, Kirumba
Asanteni sana. Nimeikuza picha. Kushoto kuna viraka vya nyuzi za rangi tofauti, kwa hiyo huo wavu umefanya kazi muda mrefu na umepita kwa mafundi zaidi ya mmoja. Chini ameunga kipande cha wavu wa sangara, matundu ambayo mkono unapita. Ziwani nyavu hizo mbili haziungwi, dagaa wote wangetokea hapo. Na hajakosea, kushona nilimfundisha mwenyewe. Kesho nampigia nimuulize kwa nini amewaachia mlango.